Mpira Aliouleta Tata

Mwezi uliopita, hapa Ruiru, fundi alifungua boneti ya gari langu, akaminya mpira mmoja mwembamba karibu na ukuta unaotenganisha injini na viti, kisha akanusa vidole vyake. "Madam, huu wa hita umeanza kuvuja," akasema, na kuninyooshea mkono ili ninuse mwenyewe. Ilikuwa harufu tamu, kama sharubati iliyosahauliwa jikoni ikaungua. Sikuwa nimeinusa kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikashika ukuta wa gereji, na yule kijana akafikiri nimeshikwa na kizunguzungu. Akaniletea kiti. Hakikuwa kizunguzungu. Ilikuwa hasira, na ilinipanda haraka, naye akaniuliza kama nimekula asubuhi.

Wenzangu mliokulia kando ya barabara ya Thika kabla haijapanuliwa, mnakumbuka mtu mwenye gari alivyoheshimiwa. Baba yangu alikuwa msimamizi katika kiwanda cha nguo Thika, na sisi tulikaa Ruiru katika nyumba ya mawe yenye ua mdogo. Gari lake lilikuwa stesheni wagoni la rangi ya maziwa, kuukuu, lakini alilipangusa kila asubuhi kwa kitambaa ambacho mama hakuruhusiwa kukigusa. Watu walimwita Baba Wambui kwa sababu yangu, ila nadhani yeye angependa zaidi kuitwa Baba Gari.

Tata Wairimu alikuwa dada mdogo wa baba, kitinda mimba wa shosho, nyanya yangu. Alikuwa amesomea ufundi wa magari Thika na kuajiriwa katika gereji moja huko huko mjini, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na kitu. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuja kwetu Jumamosi nyingi, na mfukoni mwa ovaroli yake kulikuwa na bisibisi fupi yenye mpini mwekundu aliyoniachia nichezee. Mikono yake ilikuwa na ngozi ngumu viganjani, na aliponishika uso nilisikia mikwaruzo yake mashavuni. Sijawahi kumpenda mtu mzima kama nilivyompenda huyo.

Mwezi mmoja wa baridi, ile baridi ya Julai inayokaa na ukungu mpaka saa nne, gari letu lilianza kunukia. Mimi nilifurahi. Nilikuwa na miaka saba na nilikuwa na hakika kwamba baba ameficha peremende mahali fulani chini ya kiti cha mama. Kioo cha mbele kilijaa mvuke kila hita ilipowashwa, na mama, aliyependa sana joto lile miguuni, alikuwa akikifuta kwa leso. Jumamosi moja asubuhi niliingia garini peke yangu kutafuta peremende zangu. Nilipapasa zulia la mbele na kulikuta limelowa, lina utelezi. Nikanusa vidole. Nilikuwa navipeleka mdomoni Tata Wairimu aliponivuta mkono kwa nguvu hadi nikalia.

"Hiyo ni sumu, Wambui! Umelamba?"

"Bado."

"Haki ya Mungu umelamba?"

"Sijalamba, Tata."

Aliniosha mikono kwa sabuni mara mbili, kisha akafungua boneti. Baba alikuwa ameketi uani na rafiki zake wawili wa kiwandani wakinywa chai. Tata alinionyesha mipira miwili inayobeba maji ya moto kutoka kwenye injini, ikipita ukutani na kuingia ndani ya gari hadi kwenye hita, chini ya dashibodi, pale pale miguu ya abiria wa mbele inapokaa. "Hii unaikagua gari likiwa baridi," akaniambia. "Likiwa moto utaungua, na tena mpira wa moto hukudanganya, unaonekana mnene na mzima." Akaniweka vidole juu ya mmoja. Nikaminya. Ulikuwa mgumu kidogo na ukarudi mahali pake. Kisha tukaingia ndani, akalala chali chini ya dashibodi, akauvuta mkono wangu hadi kwenye ule wa pili. Ulikuwa laini kama ndizi iliyolala. Karibu na klipi ulikuwa umevimba, na kwenye mkunjo ulikuwa na nyufa ndogo ndogo zilizokaukiwa na uchafu wa kijani.

Angesubiri wale wageni waondoke. Nimelifikiria hilo mara nyingi, kisha nimejikasirikia kwa kulifikiria, maana kwa nini asubiri? Alitoka akiwa amejaa vumbi mgongoni, akamwambia baba wazi, "Njuguna, huu mpira wa hita umeoza. Usiendeshe gari hili mpaka ubadilishwe. Ukipasuka, maji yanayochemka yatammwagikia mama Wambui miguuni."

Mmoja wa wale rafiki za baba alicheka. "Kumbe siku hizi unasomeshwa na msichana?"

Baba naye akacheka, lakini nilimwona akiweka kikombe chini. "Nimeendesha gari huyu akiwa hajaota meno," akasema. "Wairimu, nenda umsaidie wifi yako jikoni."

Jumamosi iliyofuata Tata alirudi na mpira mpya. Alikuwa ameununua mwenyewe, umefungwa kwa karatasi ya kijani yenye maandishi, pamoja na klipi mbili zinazong'aa. Alitaka kuufunga hapo hapo. Kazi ya nusu saa, alisema. Baba alimshukuru vizuri sana mbele ya mama, akauchukua, akasema ataufunga mwenyewe jioni. Aliuweka stoo, juu ya gunia la mahindi.

Hakuufunga. Siku mbili baadaye nilimkuta amepiga magoti upande wa mama, kichwa chini ya dashibodi, mkononi ana kipande cha blada ya baiskeli, ule mpira wa ndani ya tairi, alichokikata kama utepe. Alikuwa akiuzungushia ule mpira uliooza, akikaza kwa waya.

"Baba, gari limeumia?"

"Limeumia kidogo. Nalifunga bendeji."

"Na ule wa Tata?"

Alitoa kichwa, akaniangalia. "Huo tunauweka. Usimwambie Tata, sawa? Nataka kumshangaza."

Nililielewa jambo hilo kabisa. Mama alikuwa na vikombe vizuri ndani ya kabati ambavyo havikutumiwa isipokuwa wageni wakija. Kwa hiyo mpira wa Tata, uliokuwa mpya na wenye karatasi nzuri, ulikuwa unasubiri sikukuu. Nikakaa na siri hiyo kwa fahari. Tata alipouliza Jumamosi nyingine, "Umefungwa?" na baba akajibu, "Zamani," mimi nilimkonyeza baba.

Mwisho wa mwezi tulikuwa tunakwenda Gatundu kumwona shosho. Ilikuwa asubuhi, ukungu mzito, mama mbele na mimi nyuma. Mama alikuwa amevua viatu ili apashe miguu. Tulipokuwa tunapanda kilima, nilisikia mlio kama wa kifuniko cha soda, na gari zima likajaa moshi mweupe na ile harufu tamu, tamu kupita kiasi. Mama alipiga kelele. Sikujua mtu mzima anaweza kupiga kelele namna hiyo. Alikuwa anainua miguu lakini hapakuwa na mahali pa kuiweka, na baba haoni barabara, anapapasa breki, anamwita Mungu, "Ngai, Ngai, Ngai." Tuliposimama, alimbeba mama na kumlaza kwenye nyasi za kando. Soksi zake hazikutoka peke yazo.

Alikaa hospitalini majuma saba. Alikuwa ameungua kuanzia nyayo hadi chini kidogo ya magoti.

Siku mbili baada ya ajali baba alikuwa ameshamwita fundi mwingine wa Ruiru, na gari lilikuwa na mpira mwingine kabisa. Jioni hiyo, jua halijazama, alikwenda nyuma ya nyumba, akakusanya mabua makavu, akawasha moto. Nilimfuata. Kwanza alitupa ule mpira wa zamani na blada yake iliyoraruka. Kisha akaingia stoo, akatoka na ule mwingine, bado umo katika karatasi yake ya kijani, bado una klipi zake mbili zimefungwa pembeni kwa uzi. Akautupa juu yake.

"Baba, huo si wa Tata?"

Hakuniangalia. "Huu ndio uliomchoma mama yako."

Nami nikaamini. Naomba mnielewe hapa, kwa maana ndipo hasira yangu ilipo. Mtoto wa miaka saba haulizi mpira uliokuwa stoo umewezaje kumchoma mtu aliye njiani kwenda Gatundu. Nilikuwa nimesikia hadithi za vitu vinavyodhuru watu kutoka mbali. Niliokota madongo, nikautupia ule mpira ukiungua, na moshi wake mweusi ukanitoa machozi, na baba akaniacha niutupie.

Kesho yake Tata Wairimu alifika mbio akiwa bado na ovaroli ya kazi. Alikuwa ametoka hospitalini kumwona mama.

"Njuguna, nionyeshe ule mpira uliopasuka."

"Uliouleta ndio uliopasuka," baba akasema. "Uliuziwa feki. Nimeshautoa."

"Haiwezekani. Niliukagua mwenyewe. Uko wapi?"

"Haupo."

"Uko wapi, nauliza!"

Kisha akanigeukia mimi. Alipiga magoti vumbini ili macho yetu yalingane, akanishika mabega. "Wambui, wewe husemi uongo. Ule mpira niliouleta uko wapi?"

"Tumeuchoma," nikasema. "Kwa sababu ndio ulimchoma mama."

Uso wake ulikuwa karibu na wangu, na niliona ukibadilika. Nilidhani ni haya ya mtu aliyekosa. Niliiondoa mikono yake mabegani mwangu.

Jumapili baba alisimama mbele ya kanisa kuomba maombi kwa ajili ya mke wake. Alisema kwa sauti ya upole kwamba hamlaumu dada yake, kwamba mtu yeyote anaweza kuuziwa kifaa feki, kwamba pengine kazi ya magari inahitaji uzoefu ambao msichana hana. Mwenye gereji iliyomwajiri Tata alikuwa ameketi safu ya tatu. Kabla ya mwezi kwisha Tata alikuwa hana kazi, na hakuna gereji nyingine Thika iliyomchukua, kwa sababu mji ule ni mkubwa kwa viwanda lakini ni mdogo kwa maneno. Alihamia Kahawa Wendani na kuanza kupika chapati kwa ajili ya wanafunzi wa chuo. Hakuja kwetu tena Jumamosi.

Nilikuwa kidato cha pili nilipoelewa. Hakuna kilichotokea, nilikuwa nafua soksi bwenini, nikaiona ile karatasi ya kijani akilini, nzima, na klipi zake zimefungwa kwa uzi. Mpira ambao haujatolewa kwenye karatasi haujafungwa kwenye gari lolote. Ningemwandikia Tata barua siku hiyo hiyo. Sikuandika. Nilijiambia ni mambo ya wakubwa, baadaye nikajiambia ni mambo ya zamani. Nilipoingia chuo kile kile cha karibu na Wendani, nilikula chapati za Tata kwa miaka minne. Aliniwekea za pembeni, laini, akaniuliza habari za mama. "Miguu yake inaendeleaje wakati wa baridi?" Kila mara. Nami nilimwambia inaendelea vizuri, nikaendelea kutafuna.

Kwa hiyo siku ile ya mwezi uliopita nililiacha gari kwa yule kijana, nikapanda boda hadi Wendani. Tata sasa ana nywele nyeupe mbele. Alikuwa anasukuma chapati, na mteja mmoja tu alikuwa ameketi kwenye benchi. Sikungoja aondoke.

"Tata, baba hakuufunga ule mpira. Aliuzungushia ule wa zamani blada ya baiskeli. Wako aliuchoma ukiwa mpya. Nilimwona."

Aliendelea kusukuma. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Ulikuwa umetolewa kwenye karatasi?"

"Hapana."

"Karatasi gani?"

"Ya kijani. Klipi zilikuwa pembeni, zimefungwa kwa uzi."

"Uzi niliufunga mimi," akasema. Akaweka chini kijiti cha kusukumia. Mikono yake yenye unga ilikuwa inatafuta mahali pa kushika. "Unajua, nilimjua kaka yangu. Angesema yeye peke yake nisingeamini. Lakini wewe ulikuwa mtoto. Nikasema, mtoto hawezi kudanganya. Basi niliuziwa feki kweli. Basi ni mimi niliyemchoma yule mama." Alivitazama viganja vyake. "Ndiyo maana sikushika spana tena, Wambui. Wao walinifukuza, sawa. Lakini ningeweza kufungua hata kibanda changu kule Witeithie. Niliogopa mikono yangu."

Chapati iliyokuwa jikoni ikaungua. Yule mteja aliinuka, akaigeuza mwenyewe.

Nilitaka anitukane. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Sina nguvu ya kukutukana leo. Nipeleke kwa Njuguna."

Baba ana miaka sabini na kitu, amestaafu, ni mzee wa kanisa. Alikuwa sebuleni na mama alikuwa pembeni yake, miguu imefunikwa shuka kama kawaida. Nilisema yote, nikiwa nimesimama. Sauti yangu ilikuwa kubwa na sikuipunguza. Baba alisubiri nimalize, akatabasamu kidogo, lile tabasamu la kumpokea mgeni.

"Hayo ni mambo ya kitoto. Ulikuwa mdogo, unachanganya."

"Hachanganyi," mama akasema.

Sote tulimgeukia.

"Ile blada ilikuwa inaning'inia pale miguuni," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa hapo. Niliiona kabla sijaungua na niliiona nikiungua."

"Ulijua?" nikamuuliza. "Mama, ulijua siku zote?"

"Nilijua."

"Na ukakaa kanisani ukisikia wifi yako anaharibiwa jina?"

"Sikuwa kanisani. Nilikuwa hospitalini sina miguu. Nilipotoka alikuwa ameshasema. Ningekwenda wapi, Wambui? Na wewe mgongoni?"

Nilimkasirikia yeye kuliko baba, nitasema ukweli, kwa sababu kwa baba sikuwa nimetarajia kitu.

Tata hakulia wala hakupiga kelele. Alimwambia baba, "Ulisema kanisani. Nenda ukaseme kanisani. Jumapili, pale pale mbele." Baba akasema atafikiri. Akasema watu wa wakati ule wengi wamekufa, mwenye gereji naye amekufa, kuna faida gani. Tata akavaa koti lake, akaondoka, na hakutaka nimsindikize.

Jumapili nilikwenda. Nilikuwa sijaingia kanisa lile kwa miaka mingi. Baba alikuwa mbele na wazee wengine, suti ya kijivu, Biblia magotini. Ulipofika wakati wa shuhuda alitazama sakafu. Mtu wa kwanza alitoa ushuhuda wa mtoto wake kupita mtihani. Wa pili alishukuru kwa safari njema. Baba alikuwa bado anatazama sakafu, na kasisi alikuwa ameshafungua kitabu cha nyimbo, nilipoona watu wa safu ya mbele yangu wanasogeza magoti kumpisha mtu.

Alikuwa mama. Alitembea polepole, akishika migongo ya viti. Alikuwa amevaa sketi fupi kuliko zote nilizowahi kumwona nazo, na hakuwa na soksi. Ngozi ya miguu yake iling'aa kama nailoni iliyoyeyuka. Hakupewa maikrofoni, aliichukua.

"Mume wangu alisimama hapa akasema nilichomwa na mpira wa dada yake. Si kweli. Mpira wa dada yake ulikuwa stoo. Nilichomwa na ule aliokataa kuubadilisha kwa sababu mwanamke alimwambia aubadilishe. Mimi nilijua, na nilinyamaza. Nimemaliza."

Alipogeuka kurudi, akasita, akarudisha maikrofoni mdomoni, akasema kitu kingine kimoja. Kisha akaja kuketi.

Na kanisa likapiga makofi. Lilipiga makofi kama linavyopigia mtihani uliopitwa na safari njema; mama mmoja mzee hata alipiga kigelegele. Nikawatazama. Wengine nyuso zao nilizijua. Walikuwepo wakati ule. Walikuwa wamewaambia majirani wao wasimpelekee yule msichana magari. Nilisimama ili niwaambie wanyamaze, lakini nikapita katikati ya makofi yao hadi nje kwenye jua, nikampigia Tata simu.

Nilimweleza. Nilisikia mafuta yakichemka upande wake.

"Amesema jina langu?" akauliza.

"Amesema."

"Au amesema 'dada yake' tu?"

"Mwanzoni alisema dada yake. Halafu akarudia. Alisema, 'Anaitwa Esther Wairimu, na alikuwa fundi mzuri.'"

"Rudia," akasema.

Nikarudia.